Kamera Mbovu ya Dugbe

Ukanda wa kiatu cha Kehinde ulikatikia mbele ya kibanda cha fundi kamera, katikati ya soko la Dugbe, Ibadan, Jumamosi moja ya Desemba ambapo mtu hakuweza hata kupiga chafya bila kusukumwa. Mkono mmoja ulishika mfuko wa pini na vitambaa vya vilemba, mwingine uliinua gauni lake la kijani lisiburuzike vumbini. Akarukaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye benchi la kwanza aliloliona.

"Karibu, dada," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Hapa tunatengeneza kamera. Lakini kwa mruko huo, tutafanya huruma."

"Usinicheke. Nina bibi harusi ananingoja Mokola."

"Basi lete."

Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata, kofia ya kitambaa imelalia upande wa kushoto. Akakipokea kiatu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akachukua koleo dogo na kipande cha waya, akauma ulimi, na kabla Kehinde hajamaliza kujifuta jasho, kiatu kilikuwa kimerudi.

"Kiasi gani?"

"Kiatu sikukisomea. Chukua tu."

"Kwa hiyo wewe huwezi kuona kitu kibovu ukakiacha?"

"Ndiyo ugonjwa wangu," alisema, na ndipo akainua uso. Akasahau kuushusha.

Kehinde aligeukia kabati la kioo ili apate pa kuweka macho yake. Kamera zilipangwa humo kama mikate. Alikuwa na miezi mitatu akiweka akiba ya kununulia kamera, maana kazi yake ilikuwa kuwafunga mabibi harusi vilemba, na kila mteja mpya alianza kwa kusema, tuonyeshe kazi zako. Simu yake ilikuwa na ufa kwenye lenzi. Katika picha zake zote kila bibi harusi alionekana amepigwa panga shavuni.

"Ya bei nafuu ipo?"

"Zipo mbili." Fundi akaziweka juu ya kitambaa cheusi. "Hii ya fedha ni ya dijitali. Unapiga, unaiona hapohapo. Bibi harusi akifumba macho, unafuta, unapiga tena. Jioni umeshamtumia."

"Na hiyo nyeusi?"

"Hii ya filamu." Sauti yake ilishuka, kama anayemtaja mtu wa nyumbani. "Picha thelathini na sita, basi. Hakuna kufuta, hakuna kuchungulia. Filamu inapelekwa Lagos kusafishwa, unangoja. Lakini ikirudi, dada yangu, ngozi ya mtu ni ngozi ya mtu. Si sahani iliyotoka kuoshwa."

"Unaisifia hivyo, halafu naona unairudisha kabatini."

"Kwa sababu ni mbovu. Ukizungusha hili gurudumu, mara filamu inasogea, mara haisogei. Ikikataa, picha ya pili inaangukia juu ya ile ya kwanza. Nilimpiga mjomba wangu amekaa kitini, nikampiga na mbuzi wake. Mjomba akatoka na pembe."

Kehinde alicheka mpaka muuza vitunguu wa jirani akageuka. Kisha kicheko kikamkauka ghafla.

"Yaani watu ambao hawakukaa pamoja wanaweza kutokea pamoja?"

"Wanaweza. Ndiyo maana siwezi kukuuzia. Utanirudishia mabibi harusi wenye pembe." Akafunga kabati. "Mimi naitwa Gbadebo. Na wewe?"

"Kehinde."

"Aa! Kwa hiyo Taiwo yuko wapi?"

Swali hilo Kehinde alikuwa amelijibu tangu akiwa na miaka sita. Shuleni, hospitalini, kanisani. Kila aliyelisikia jina lake, jina la pacha anayezaliwa wa pili, alimwulizia Taiwo, pacha wa kwanza, na kila alipojibu, uso wa aliyeuliza ulianguka, sauti ikawa ndogo, pole zikaanza. Siku hiyo kiatu kilikuwa kimepona na mjomba alikuwa ameota pembe. Hakutaka uso ule uanguke.

"Yupo nyumbani," alijisikia akisema. "Anakaanga ndizi."

"Mnafanana?"

"Sana. Ila yeye ni mkali."

"Basi namshukuru Mungu kiatu kilichokatika ni chako."

Akanunua ile ya dijitali, akamwachia fundi namba yake ya simu. Alitaka kusema, hapana, nipe hiyo mbovu. Lakini angeulizwa kwa nini, na angesema nini, naye Taiwo ameshamweka jikoni?

* * *

Taiwo alifariki kwa surua akiwa na miaka sita, siku chache baada ya meno yake ya mbele kung'oka. Tangu hapo, katika nyumba yao ya Oke-Ado, mama yao hakuwahi kununua kitu kimoja. Gauni la Krismasi yalikuwa magauni mawili. Kitana, vitana viwili. Kila mwezi alipika maharage ya mapacha kwa mawese, akawagawia watoto wa jirani, na mezani akapanga sahani tatu: yake, ya Kehinde na ya Taiwo. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, naye aliitika jina hilo kwa fahari.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Picha ya wanawe wakiwa pamoja. Zamani wapigapicha walijua la kufanya pacha mmoja akiondoka: walimketisha aliyebaki upande wa kulia, wakapiga, wakamketisha kushoto, wakapiga, na picha ikatoka ina watoto wawili. Wenzake Mama Pacha walikuwa nazo ukutani. Yeye mwaka ule hakuwa na nguvu ya kumvalisha mtoto na kumpeleka studio, na alipopata nguvu, mpigapicha wa mtaa alikuwa amekwisha kufa.

Sasa macho yake yalikuwa na presha. Daktari alisema hataona kwa muda mrefu. Tayari aliiona dunia kama anachungulia ndani ya bomba.

"Kabla macho hayajafungwa," alimwambia Kehinde, "nataka niwaone mmekaa pamoja. Mara moja tu, mwanangu. Halafu Mungu azime taa akitaka."

Kehinde alikuwa ameshajaribu. Mtu mmoja wa kompyuta aliikata picha yake na kumbandika pembeni mwake mwenyewe. Mama aliisogeza picha ile mbele ya jicho, akairudisha. "Hawa wamebandikwa. Hawakukaa."

Usiku wa siku ile ya Dugbe Kehinde alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba wa mbinguni," alisema, "nimesema uongo sokoni. Ni mdogo. Kesho akipiga simu nitaurekebisha."

Kesho yake Gbadebo akapiga.

"Kamera inasemaje?"

"Inakusalimu. Inasema hukuipa mfuko wake."

"Nilisahau makusudi, ili urudi kuufuata."

"Mwanamume mjanja wewe!"

"Na Taiwo hajambo?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Kehinde alifumbua mdomo. "Hajambo," alisema. "Anauliza wewe ni nani unayepigapiga simu."

"Mwambie mimi ni fundi viatu."

Akacheka, na nafasi ikapita. Ilipita keshokutwa tena, na wiki iliyofuata, maana simu zilikuwa tamu na Taiwo alikuwa amekua ndani ya simu hizo, ana maneno yake na hasira zake, na Kehinde aliona kwa mshangao kwamba anafurahi kumsikia. Kila usiku aliomba msamaha. Kila asubuhi simu ililia.

* * *

Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulikuwa na harusi kubwa ukumbini Bodija. Kehinde alikuwa amekata nywele zake zote siku mbili kabla, zikabaki fupi kama za mwanafunzi, na kwa kuwa kitambaa cha bibi harusi kilikuwa na uzi mwembamba, alivaa miwani. Alisimama kwenye korido, mgeni mmoja ameketi mbele yake, midomo imebana pini saba, uso umekunjwa kwa kazi.

Gbadebo, aliyeitwa kuja kutengeneza taa ya mpigapicha wa ukumbi, akatokea mlangoni. Akasimama. Akamtazama zile nywele, ile miwani, kile kipaji cha uso kilichokunjwa.

"Mungu wangu," alisema. "Kweli mnafanana. Wewe ni Taiwo!"

Kehinde alitoa sauti puani. Pini saba hazikuruhusu zaidi ya hapo.

"Usikasirike, dada. Kehinde ameniambia wewe ni mkali, ndiyo maana naongea upesi. Mimi ni Gbadebo, yule fundi." Akavua kofia, akaanza kuizungusha mikononi. "Nimefurahi kukuona peke yako. Nina neno ambalo kwake linanigandia kooni. Dada yako, nampenda. Si mapenzi ya simu tu. Nikisikia kiatu kinapita kibandani nainuka kuona kama kimekatika. Nimemweka kwenye sala zangu, asubuhi na jioni, na mimi si mtu wa kusumbua Mungu kwa jambo dogo. Nisaidie. Mwambie."

Yule mgeni aliyekuwa anafungwa kilemba akatulia tuli asikose hata neno.

Kehinde alitoa pini moja, akaichomeka. Akatoa ya pili. Alipofika ya saba, uso wa Gbadebo ulikuwa umejaa matumaini kiasi kwamba hakupata ujasiri wa kuuangusha.

"Nitafikisha," alisema, kwa sauti nzito kidogo. "Lakini dada yangu hataki mtu wa maneno mengi."

"Nitapunguza!"

"Wala mtu anayevua kofia akaipondaponda hivyo."

Akaivaa haraka, kinyumenyume. "Basi kesho baada ya ibada nitakuja kumwamkia mama. Na nyinyi wote wawili. Ahsante, Taiwo. Wala hata si mkali!"

Akaondoka akipiga mluzi. Yule mgeni akamgeukia Kehinde. "Taiwo, mwanangu," alisema, "huyo dada yako akimkataa, mimi nina binti."

* * *

Asubuhi ya Jumapili Kehinde alimpigia Gbadebo mara nne. Simu ilikuwa imezimwa, maana mwenyewe alikuwa ibadani. Akapanga amvizie njiani saa nane, amweleze kabla hajafika mlangoni. Lakini mwanamume aliyeomba asubuhi na jioni alifika saa saba, na Kehinde alipotoka mazoezi ya kwaya na kanzu yake nyeupe mkononi, alivikuta viatu vya kiume nje ya mlango, vimepangwa vizuri.

Gbadebo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni kumwamkia mama, kama inavyompasa kijana wa Ibadan.

"Inuka, mwanangu, sakafu haina zulia," Mama Pacha alikuwa akisema. "Nani wewe?"

"Gbadebo, mama. Rafiki wa Kehinde." Akaweka mezani vitambaa viwili vya kichwa, vya rangi ya zambarau, vinavyofanana uzi kwa uzi. "Kimoja cha Kehinde, kimoja cha Taiwo. Jana nilionana na Taiwo ukumbini. Tumezungumza vizuri sana."

Mkono wa Mama Pacha ulipapasa meza, ukakuta ukingo, ukashika.

"Umemwona Taiwo wangu?"

"Nimemwona, mama. Mzima kabisa. Ana miwani."

"Amekua?"

Gbadebo akasita. "Amekua, mama. Ni mtu mzima."

"Na meno yake?" Mama alisogea mbele, sura yake yote imewaka. "Meno yake ya mbele yameota?"

Mlangoni, kanzu ilimwanguka Kehinde mkononi.

"Mama," alisema. "Mama, ni mimi. Alikuwa ananiona mimi. Nilikuwa na miwani, na pini mdomoni." Akamgeukia Gbadebo, na maneno yakatoka yote mara moja, bila mpangilio. "Taiwo hayupo. Alifariki tukiwa na miaka sita. Nilikudanganya siku ile sokoni, na sikujua namna ya kurudi nyuma."

Kutoka kwa jirani ilisikika redio ya mahubiri. Gbadebo aliutazama uso wa mama uliokuwa ukizimika polepole, akamtazama Kehinde.

"Nilikufungulia moyo," alisema kwa upole, na upole huo uliuma kuliko kelele. "Na wewe ukasimama unajibu kama mchezo wa kuigiza. Na sasa umenifanya nimlize mama wa watu."

Akapiga goti mbele ya Mama Pacha, akasema nisamehe mama, akavaa viatu, akaenda.

Kehinde alipiga magoti miguuni pa mama akangoja kupigwa au kufukuzwa.

"Sokoni, eh?" mama alisema hatimaye. "Ulimwambia Taiwo anafanya nini?"

"Anakaanga ndizi."

"Taiwo aliunguza kila kitu." Ghafla mabega ya mama yakaanza kutikisika, na Kehinde hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka aliposikia ni vyote viwili. Kisha mama akamshika sikio, akalivuta hasa. "Usimtume pacha wako kusema uongo tena. Na yule kijana umtafute. Alilala sakafuni bila kutafuta mkeka."

* * *

Simu hazikupokelewa. Siku tisa Kehinde alifunga vilemba, akapiga picha, akatuma, akasifiwa, na kamera ya fedha ilimwonyesha kila kitu hapohapo isipokuwa kile alichokitaka. Siku ya kumi alifunga bila kula mchana kutwa, akaomba maneno machache tu, akaenda Dugbe.

Gbadebo alikuwa ameinama juu ya redio. "Karibu, mteja," alisema.

Neno hilo lilimchoma. Kehinde aliiweka kamera ya dijitali juu ya kitambaa cheusi.

"Nimekuja kubadilisha. Nataka ile ya filamu. Ile mbovu."

"Ya nini?"

Safari hii alimwambia. Alimweleza habari za surua, za sahani tatu mezani, za mpigapicha aliyekufa, na za macho ya mama yanayofungwa kama mlango. "Uliposema kamera ile inaweza kuwaweka pamoja watu ambao hawakukaa pamoja, nilitaka kuichukua na kukimbia. Nilishindwa kwa sababu ya uongo wangu. Nilikuwa na hamu, Gbadebo. Mtu mmoja duniani amwulizie Taiwo hali yake kama anavyouliziwa mtu aliye hai. Sikukucheka. Siku ile ukumbini nilitaka kulia, ila pini zilinizuia."

Gbadebo aliiacha redio. Akafungua kabati taratibu, akaitoa kamera nyeusi, akalizungusha gurudumu lake. Ilitoa mlio safi, trr, tak.

"Nimeitengeneza," alisema kwa sauti ya kukauka. "Wiki ile kabla sijaja kwenu. Nilitaka iwe zawadi yako. Nilitafuta gurudumu lenye meno mazima Ibadan nzima. Sasa inasogeza filamu kama saa."

Wakatazamana. Kehinde alijaribu kujizuia, ikashindikana. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda na machozi yake.

"Huwezi kuona kitu kibovu ukakiacha!"

"Nilikwambia ni ugonjwa!" Na yeye naye alikuwa anacheka, kwa kutopenda, kisha kwa kupenda. Akajifuta macho kwa mkono wa shati. Akavuta kopo la peremende chini ya meza, akamimina skrubu na chemchemi, akachakura kwa kidole, akaokota kigurudumu kidogo cha plastiki kilicholika meno.

"Hiki hapa. Kizembe chenyewe."

Akachukua bisibisi. Kehinde alisogea karibu, akaitazama ile mikono iliyotengeneza kiatu chake ikifungua kazi yake yenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, ikitoa kitu kizima na kurudisha kibovu, kwa uangalifu uleule.

"Unajua," Gbadebo alisema akiwa ameinama, "bibi yangu alituambia kila Kehinde duniani ndiye mkubwa. Anamtuma Taiwo atangulie kutoka tumboni, aonje dunia, arudishe habari kama ni njema. Siku hizi tisa nimekuwa nikifikiri. Labda hukunidanganya sana. Labda ulimtuma Taiwo anionje."

Kehinde akaokota skrubu iliyodondoka, akaisogeza karibu na mkono wake.

"Alisema atafikisha ujumbe wangu. Alifikisha?"

"Alifikisha."

"Neno kwa neno?"

"Mpaka la viatu."

Gurudumu lilizunguka. Trr. Filamu haikusogea. Gbadebo alitabasamu kama aliyeshinda mashindano.

* * *

Walichagua siku ya maharage. Ua ulinukia mawese na vitunguu, na watoto wa jirani walikuwa wameshakula na kutawanyika. Gbadebo aligeuza kinu, akaiweka kamera juu yake, akaifunga kwa kipande cha kilemba isitikisike. Mbele ya ukuta wa buluu aliweka benchi. Mama Pacha alikaa pembeni akitoa amri.

"Kehinde kulia. Mkubwa anakaa kulia."

Kehinde aliketi, kilemba cha zambarau kichwani. Gbadebo aliziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, akafyatua. Kisha Kehinde akahamia kushoto, akavaa miwani na kile kitambaa cha pili, kilichofungwa kwa mtindo mwingine. Gbadebo akazungusha gurudumu, akahamisha kadi, akafyatua tena.

"Filamu ikisogea katikati, tutapata nusu mtu na nusu giza," alionya. "Na hatutajua mpaka irudi kutoka Lagos."

"Basi tupige nyingi, na tuombe," alisema mama.

Wakapiga mpaka filamu ikakaribia kwisha. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kehinde alikuwa amechoka, shingo imekakamaa, na katika zamu ya mwisho upande wa kushoto uso wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayengoja sindano. Gbadebo, kadi mkononi, alimtazama kupitia lenzi.

"Taiwo," aliita.

Mama akageuza kichwa. Kehinde akatulia.

"Taiwo, Jumamosi ijayo nataka kuwaleta wazee wangu hapa, waje kumwomba dada yako. Nimeanza kwako kwa sababu wewe ndiye unayetangulia. Unaonaje, dunia yangu ni njema? Nimpate?"

Kehinde alicheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa kimeenda nyuma, miwani imeteleza puani. "Mpate!" alisema. "Mchukue!"

Tak.

Wiki mbili walingoja. Hapakuwa na kioo cha kuchungulia wala kitufe cha kufuta, ila ile bahasha iliyokuwa safarini na magoti ya watu watatu sakafuni. Wazee wa Gbadebo walishakuja, wakala, wakacheka, wakapewa jibu jema, na kamera zote mbili zilikuwa zimekaa rafuni pamoja, ya fedha na nyeusi, maana mama alisema katika nyumba hii hakuna kununua kitu kimoja. Ndipo bahasha ikafika. Karibu picha zote zilikuwa nusu mtu na nusu giza. Moja tu ndiyo iliyokubali.

Gbadebo akampa mama picha hiyo.

Mama Pacha aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaisogeza karibu kabisa, akaanza kuitembeza taratibu mbele ya lile tundu dogo la kuona lililobaki. Alianza upande wa kulia. Hapo palikuwa na Kehinde, ametulia, mkono juu ya benchi. Akaisogeza. Ukuta wa buluu, bila ufa, bila mstari. Mkono mwingine juu ya benchi, karibu na ule wa kwanza. Akaisogeza tena, akasimama.

Walimngoja. Kuku alipita uani.

"Wamekaa," alisema. Kisha sauti ikamkatika. "Na meno yameota. Yote. Tazameni, yameota yote."

Kehinde alimkumbatia kwa nyuma, shavu kwa shavu, wakaitazama pamoja.

"Lakini anacheka nini hivi, huyu mtoto?" mama aliuliza, akijifuta kwa ncha ya kanga.

"Nilimwomba dada yake," alisema Gbadebo.

"Akakubali?"

"Alikubali kabla ya mwenyewe."

"Taiwo huyo," alisema mama, "alikuwa na haraka tangu tumboni."

Akaiegemeza picha ukutani, mahali ambapo atakuja kuijua hata kwa vidole, akaenda kupakua. Akaziteremsha sahani kwa kupapasa, akizihesabu chini kwa chini: yake, ya Kehinde, ya Taiwo. Kisha akanyoosha mkono tena rafuni, akatoa ya nne.